Mtumiaji Mwingine

Fundi: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Mwalimu: Haloo, ni—

Fundi: Sikupati vizuri. Paza sauti kidogo, mtandao unakoroma.

Mwalimu: Nimesema ni mimi, Mwalimu. Umenifuta kwenye simu yako?

Fundi: Ah, Mwalimu! Shikamoo. Sijakufuta, kioo kimepasuka, majina hayasomeki.

Mwalimu: Marahaba. Fundi wa vioo vya watu, chako kimepasuka.

Fundi: Ndiyo kazi zetu hizi. Habari za nyumbani?

Mwalimu: Nyumbani salama, ila kompyuta ndiyo mgonjwa. Na leo usiniambie nizime niwashe. Nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu.

Fundi: Sasa Mwalimu, dawa ya kwanza siku zote ni—

Mwalimu: Dawa ya kwanza umenipa Jumatatu. Jumanne ukanipa hiyohiyo. Daktari gani anayejua kidonge kimoja?

Fundi: Haya, nimekubali kosa. Kata basi nikupigie mimi, usimalize salio lako. Au hapana. Usikate. Nimekumbuka mimi sina kitu humu.

Mwalimu: Nilijua tu. Toka darasa la nne hujawahi kuja na kalamu yako. Kwa nini usije mwenyewe ukaiangalia? Ni saa tisa na nusu tu hii, jua bado kali.

Fundi: Leo nimekwama. Pikapu yangu nimemwazima mtu, amesema ataileta saa kumi na mbili. Nisomee kinachoandika, tutamaliza hapahapa.

Mwalimu: Ngoja nivae miwani. Nina daftari hapa. Kila kosa inalonitolea naliandika, siku na saa, kwa wino mwekundu.

Fundi: Umeirudisha darasani masikini.

Mwalimu: Kosa ni kosa, la mtoto au la mashine. Usipoliandika, kesho atakwambia hakulifanya. Haya, sikiliza. Jumatatu, saa tisa kasoro dakika kumi, mchana. "Nafasi kwenye diski haitoshi. Futa baadhi ya vitu."

Fundi: Hiyo rahisi. Umejaza picha za wajukuu.

Mwalimu: Sina wajukuu, mwanangu.

Fundi: Samahani, Mwalimu. Nilikuwa nasema tu kama—

Mwalimu: Najua. Tuendelee.

Fundi: Mwaga pipa la taka basi. Lile lililo pembeni ya skrini.

Mwalimu: Nimelimwaga Jumatatu hiyohiyo. Jumanne nimeamka diski imejaa tena. Na mimi sikuweka kitu humo, hata herufi.

Fundi: Hizi mashine zina takataka zake za ndani kwa ndani. Lingine?

Mwalimu: Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Nilikuwa nafungua faili langu moja. Ikaniambia, "Faili hili limefunguliwa na mtumiaji mwingine. Unaweza kulisoma tu, huwezi kuliandika."

Fundi: Hilo linawapata wote. Usijali.

Mwalimu: Nisijali vipi? Mtumiaji mwingine ni nani? Humu ndani tupo mimi na paka, na paka hajui kusoma.

Fundi: Mtumiaji mwingine ni wewe mwenyewe. Ulilifungua mwanzo, hukulifunga vizuri, ukalifungua tena. Sasa mashine inadhani mko wawili.

Mwalimu: Yaani mimi na mimi.

Fundi: Ndiyo hivyo. Wewe na wewe.

Mwalimu: Haya. Na jana huyu mimi mwingine kanifuata hadi kwenye barua pepe. Jumatano, saa mbili asubuhi, "Imeshindwa kupokea barua. Jaribu tena baadaye." Nimejaribu baadaye yote niliyokuwa nayo. Toka Jumapili sijapata barua.

Fundi: Unangoja barua muhimu?

Mwalimu: Nangoja barua.

Fundi: Ya nani? Nisaidie nijue kama ni tatizo la huko inakotoka au—

Mwalimu: Ya mtu. Jibu swali uliloulizwa, usitunge lako.

Fundi: Sawa, sawa. Sanduku la barua likijaa nalo hukataa. Tutalisafisha. Umemaliza?

Mwalimu: Limebaki la leo. Paka ana kidonda sikioni, nikataka kukipiga picha na ile kamera ya juu ya kompyuta, nimtumie daktari wa mifugo. Saa saba na dakika tano. "Kamera inatumika na programu nyingine." Na kile kitaa cha kijani kando ya kamera kinawaka. Nimezima kila kitu, chenyewe kinawaka tu.

Fundi: [kimya]

Mwalimu: Haloo? Umepotea?

Fundi: Nipo. Kitaa kinawaka toka saa ngapi?

Mwalimu: Nilichokiona mimi, toka saa saba. Labda na kabla.

Fundi: Na hayo makosa yote yalianza Jumatatu. Wiki iliyopita hapakuwa na kitu.

Mwalimu: Daftari liko wazi mbele yangu. Ukurasa wa kwanza ni Jumatatu, saa tisa kasoro kumi.

Fundi: Saa tisa kasoro kumi. Mwalimu, umekaa wapi sasa hivi?

Mwalimu: Mezani. Mbele yake.

Fundi: Una kitambaa hapo karibu?

Mwalimu: Cha meza kipo.

Fundi: Kivute taratibu, kama unafuta vumbi, halafu kiache kimefunika kamera. Usiseme unachofanya.

Mwalimu: Mbona unanong'ona?

Fundi: Endelea tu kunieleza habari za paka. Eleza huku unasimama. Toka, nenda jikoni, ufunge mlango.

Mwalimu: Paka... paka ni yule wa madoa. Amepigana tena, sikio limechanika. Nimempaka dawa akanikwaruza, hana shukrani kabisa yule— [mlango] Nipo jikoni. Umenitisha, Fundi. Sasa sema.

Fundi: Sikutaka kusema mbele yake. Ina maikrofoni.

Mwalimu: Ina masikio unataka kuniambia.

Fundi: Ndiyo. Unakumbuka mwaka juzi nilipokuletea, nikakwambia nimekuwekea msaada?

Mwalimu: Nakumbuka. Sikuelewa, nikaitikia tu.

Fundi: Ni programu ya kuingia kwa mbali. Wateja wote nawawekea. Mtu akipata shida naingia kutoka hapa dukani, naona skrini yake kama niko naye, natengeneza, natoka. Sipandi ngazi za watu.

Mwalimu: Basi ni wewe uliyemo. Mtoto mbaya, umenipandisha presha bure.

Fundi: Sio mimi, Mwalimu.

Mwalimu: Basi nani?

Fundi: Laptopu yangu iko hapa mezani, imefungwa. Wiki nzima sijaingia kwako.

Mwalimu: Nimekuuliza, basi nani? Huo mlango wako una ufunguo au hauna?

Fundi: Una paswedi.

Mwalimu: Nani anayo?

Fundi: Haloo? Unakatika... Mwalimu, mtandao—

Mwalimu: Fundi. Nimefundisha miaka thelathini na miwili. Mtoto anayejifanya hasikii namjua kwa pumzi yake.

Fundi: Lile faili la Jumanne. Lililosema limefunguliwa na mtu mwingine. Lina nini ndani?

Mwalimu: Barua zangu.

Fundi: Za kwenda kwa nani?

Mwalimu: Ngoja nizime jiko, maji yanachemka.

Fundi: Hukuwasha jiko, Mwalimu. Ningesikia kiberiti.

Mwalimu: Basi sote wawili tuna la kusema na hakuna anayetaka kuanza. Subiri. Umesikia hiyo?

Fundi: Nini?

Mwalimu: Imelia. Kompyuta imelia, ting, kama ujumbe umeingia. Naenda.

Fundi: Usiende. Au nenda, lakini usiseme neno ukiwa mle. Nitaongea mimi, wewe kohoa. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Kale kamshale ka kipanya, kanatembea kenyewe?

Mwalimu: [anakohoa mara moja]

Fundi: Kanafuta vitu?

Mwalimu: [anakohoa mara moja]

Fundi: Sasa nenda nyuma ya kabati, kwenye kile kisanduku cha intaneti. Kuna waya mweupe na waya wa bluu. Ule wa bluu—

Mwalimu: Kameacha kutembea.

Fundi: Usiongee, Mwalimu.

Mwalimu: Kamefungua ukurasa mweupe. Kanaandika. Herufi zinakuja moja moja, na mimi mikono yangu iko hapa kifuani.

Fundi: Zinasemaje?

Mwalimu: "Shikamoo, Mama."

Fundi: Chomoa wa bluu. Sasa hivi.

Mwalimu: Mdomo umetaka kuitikia. Unaona mazoea? Nimekaribia kuitikia.

Fundi: Chomoa, Mwalimu, tafadhali.

Mwalimu: Kabati zito... nimeushika. Nimechomoa.

Fundi: Taa za kisanduku?

Mwalimu: Mbili zimezimika. Imebaki moja nyekundu.

Fundi: Na kamshale?

Mwalimu: Kamesimama. Na kitaa cha kijani kimezimika. Ngoja nivute kiti.

Fundi: Kaa. Ametoka, hawezi kurudi bila huo waya. Hakusikii tena.

Mwalimu: Sikiliza nikwambie. Katika mji huu, hata wenye mvi wananiita Mwalimu. Mkuu wa polisi ananiita Mwalimu. Wanaoniita Mama wako wawili tu. Mmoja ni binti yangu.

Fundi: Redio.

Mwalimu: Redio, kama mlivyompa jina huko darasani, kwa mdomo wake usiolala. Wa pili ni mume wake.

Fundi: [kimya]

Mwalimu: Naona hushangai.

Fundi: Nilimpa mimi, Mwalimu.

Mwalimu: Ulimpa nini?

Fundi: Paswedi. Jumatatu. Alikuja dukani saa nane mchana. Shati kafunga kifungo mpaka cha juu, akanisalimia kwa mikono miwili, akauliza hali ya watoto wangu mmoja mmoja. Akasema mama mkwe amekuwa mtu mzima, anaona haya kunisumbua kila siku, nimwonyeshe namna awe anamsaidia mwenyewe akiwa kazini. Nikasema moyoni, mkwe kama huyu yuko mmoja. Nikamwandikia nyuma ya kadi ya duka.

Mwalimu: Hivyohivyo ndivyo alivyokuja kuposa. Mikono miwili.

Fundi: Ningejuaje mimi? Paswedi yenyewe ni ile ninayowawekea wateja wote, ili nisisahau. Nimefanya hivyo miaka yote, haijawahi kutokea kitu.

Mwalimu: Ufunguo mmoja kwa nyumba zote.

Fundi: Lakini kuna ubaya gani akiingia? Redio si yuko kozi? Mumewe kasema yuko kozi, miezi tisa. Na wewe ulisema hivyohivyo, nilipokuuliza pale sokoni.

Mwalimu: Mimi ndiye niliyeanza kusema. Nilimwambia jirani, jirani akawaambia wenzake, mpaka mumewe naye akaanza kulisema kwa sababu lilimfaa. Hakuna kozi, mwanangu. Redio alitoka kwenye nyumba ile alfajiri moja, viatu mkononi. Alikuja hapa akakaa saa moja, nikamfunga majeraha kwa mikono yangu, akaondoka kabla jua halijachomoza.

Fundi: Majeraha.

Mwalimu: Usiniulize yapi. Niliona aibu. Ndoa niliisimamia mwenyewe, nikamsifia mkwe mbele ya kila mtu. Nianze tena kuzunguka nikitangaza nimempa mwanangu kwa nani? Nikaona kozi ni neno zuri.

Fundi: Ungeniambia mimi. Nimekaa na Redio dawati moja miaka mitatu. Ungeniambia, huyo bwana asingepata hata maji ya kunywa pale dukani kwangu.

Mwalimu: Na wewe ungenipigia kuuliza, Mwalimu, huyu mkwe nimpe? Neno moja tu.

Fundi: Kweli.

Mwalimu: [mlio kwenye simu] Hicho ni nini?

Fundi: Ni salio lako linalia. Dakika chache zimebaki. Niambie haraka, aliko Redio anajua nani?

Mwalimu: Mimi peke yangu. Simu aliiacha, asije akafuatiliwa kwayo. Pale anapofanya kazi wanamruhusu kompyuta ya ofisini asubuhi, ananiandikia. Nami namjibu, na kila barua naiweka kwenye faili lile.

Fundi: Mmetaja mji? Mtaa? Jina la ofisi?

Mwalimu: Hata siku moja. Tulikubaliana. Tunaandikiana habari za paka na hali ya hewa.

Fundi: Basi hajui aliko.

Mwalimu: Hajui. Amesoma barua zangu zote na hajapata kitu. Acha nivute pumzi.

Fundi: Vuta. Tumemuwahi.

Mwalimu: Lakini Fundi. Kama hakupata kitu Jumatatu, kwa nini ameshinda humo mpaka leo?

Fundi: Fungua barua pepe. Zile za zamani zitafunguka hata bila intaneti. Kulia kwa "Zilizopokewa" kuna "Zilizotumwa". Bonyeza hapo.

Mwalimu: Imeanza kuniambia haina nafasi kwenye diski.

Fundi: Bonyeza sawa, ipite. Ni rekodi alizokuwa anakuchukua, ndizo zimejaza. Tutazifuta baadaye. Unaona nini?

Mwalimu: Barua yangu ya Jumapili. Halafu kuna nyingine ya Jumatatu jioni. Na Jumanne. Sikuandika hizi.

Fundi: Zimekwenda kwa Redio?

Mwalimu: Kwa Redio zote mbili.

Fundi: Fungua ya mwisho. Soma.

Mwalimu: "Mwanangu mpenzi. Paka hajambo na mvua imegoma." Ni maneno yangu haya. Ninavyoanza siku zote. Ameniiga mpaka koma.

Fundi: Endelea, Mwalimu.

Mwalimu: "Nilikwambia jana kwamba presha imenipanda, na daktari anasema si ya mchezo. Nataka nikuone. Njoo Alhamisi. Usiniandikie tena, kompyuta inasumbua." Leo Alhamisi.

Fundi: Leo Alhamisi. Soma.

Mwalimu: "Usije nyumbani moja kwa moja, macho ya watu ni mengi. Shuka kwenye kituo cha zamani, nyuma ya maghala, saa kumi jioni. Pale hapapiti mtu. Usiogope, nimeshamwambia Fundi, mwenzako wa dawati. Atakuja kukuchukua na..."

Fundi: Na nini? Haloo?

Mwalimu: "Atakuja kukuchukua na pikapu yake nyeupe, ile yenye jina la duka ubavuni. Vioo vyake ni vyeusi, hutamwona vizuri. Ukiiona panda tu."

Fundi: Redio amejibu? Angalia kwenye taka za barua. Huenda hajaisoma. Angalia, Mwalimu.

Mwalimu: Ipo moja, ya jana asubuhi. Imetupwa kabla sijaiona. "Mama, nakuja. Nilikuwa naogopa njia, lakini uliposema Fundi roho imetulia. Kwake nitapanda hata usingizini."

Fundi: Mungu wangu.

Mwalimu: Fundi, pikapu yako ulimwazima nani?

Fundi: [kimya]

Mwalimu: Mwanangu, nakuuliza kwa upole. Ulimpa nani?

Fundi: Alikuja asubuhi. Akasema amekununulia kitanda, anataka kukuletea jioni bila wewe kujua. Akaniomba nisikwambie, eti nitaharibu furaha. Nilimjazia hata mafuta, Mwalimu. Nilimjazia mafuta.

Mwalimu: Saa ngapi sasa?

Fundi: Kumi kasoro dakika tisa.

Mwalimu: Mpigie. Mwambie unaitaka gari yako, mgonjwa, msiba, chochote.

Fundi: Sina salio, na hata ningekuwa nalo, asingepokea. Nafunga duka. Nakimbia. Kona pale huwa kuna pikipiki, nikipata moja ni dakika kumi mpaka kwenye maghala. Wewe gonga kwa jirani, apige polisi. Mwambie amtajie mkuu wao jina lako.

Mwalimu: Jirani nimemwambia mwanangu yuko kozi.

Fundi: Mwambie ulidanganya! Mwambie kila kitu, mlangoni, kwa sauti!

Mwalimu: Nitamwambia. Nitaliambia jengo zima. [mlio kwenye simu]

Fundi: Nimeshatoka, Mwalimu. Niko barabarani. Pikipiki! Wewe! Wewe wa kofia, simama!

Mwalimu: Fundi, nisikilize, bado sijakwambia jambo moja.

Fundi: Maghala! Kituo cha zamani! Tutaelewana mbele, washa tu!

Mwalimu: Fundi!

Fundi: Nakusikia, nimepanda, sema!

Mwalimu: Ukifika ukamkuta bado amesimama, au anaivuka barabara kwenda kwenye gari, usimwite kwa nyuma.

Fundi: Upepo, Mwalimu, rudia!

Mwalimu: Usimwite ukiwa nyuma yake, wala upande wa kushoto. Zunguka uje kulia, akuone. Sikio la kushoto yule bwana alilipiga mpaka likafa. Utaita mpaka ukauke koo na hatageuka. Njoo kulia, umesikia? Kulia. Kushoto hasi—

Sauti ya mtandao: Samahani. Salio lako halitoshi kuendelea na mazungumzo haya.